Walinililia Nikiwa Kilolo

Uyole, Mbeya,
20 Novemba 1955.

Mpendwa kaka yangu Isakwisa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Sekela. Hujambo wewe? Hajambo shemeji Esta, na watoto ambao hatujawatia machoni? Kifua chako kinasemaje na baridi ya huko Luanshya? Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa, si umelala.

Sisi huku ni wazima. Baba mzima. Mama mzima isipokuwa magoti, nayo hayamzuii kwenda shamba. Mdogo wetu Damari amekuwa mrefu kunipita. Mvua za kwanza zimenyesha, ardhi imelainika, na tangu juzi tunapanda mahindi upande wa mtoni.

Nimesema sisi ni wazima, na miongoni mwa wazima hao nami nimo. Najua ulipelekewa barua ya baba ya mwezi wa kumi, iliyosema nimekufa. Usitetemeke, kaka. Huu ni mwandiko wangu, ule uliokuwa ukiucheka kwamba herufi zimelala kama ulezi uliopigwa na upepo. Sikufa. Sikuzama. Wala huko nilikosemekana nimefia sikufika. Nakuandikia mimi mwenyewe kabla mtu hajakuletea habari hii kwa kicheko, maana imekwisha kuanza kusafiri na malori.

Unajua nilikuwa Iringa nikimlea Rozi, mtoto wa Bwana Hadli mkulima wa tumbaku. Mama yake, Bibi Hadli, alijua Kiingereza peke yake. Hakuwa mtu mbaya. Alijaribu Kiswahili, maneno yakamkataa. Akitaka kumwagiza mpishi, aliniita mimi. Mwuza mayai akija mlangoni, aliniita mimi. Hata Rozi, ambaye Kiswahili kilimtoka upesi kuliko Kiingereza, ilibidi nimtafsiri kwa mama yake mzazi. Kiingereza changu ni kile cha shule ya misheni, kikaongezewa cha maziwa, viatu na homa. Katika nyumba ile kilitosha kunifanya mtu mkubwa, nami nikajiona hivyo.

Mwanzoni mwa mwaka daktari alimwambia Bibi apate mapumziko mahali penye bahari, maana malaria ilikuwa imemmaliza. Wakaamua waende kwanza Uingereza kwa mama yake, halafu wavuke tena mpaka kwenye visiwa vya upande wa pili wa dunia, ambako zimejengwa hoteli za watu wanaopumzika. Nilipomweleza mama habari za hoteli hizo aliniuliza, "Wanachoka na nini?"

Kampuni ya meli iliwaletea vitabu vya picha. Baada ya chakula cha mchana Bibi alikuwa akizitandaza picha zile mezani, nami nikisimama karibu, Rozi kiunoni. Kwangu mimi zote zilikuwa moja: mchanga, maji, minazi. Bibi hakuzichagua kwa uzuri. Alizichagua kwa lugha. Akigusa picha anasema, "Hapa Kifaransa," anaigeuza kifudifudi. "Hapa Kihispania," anaigeuza. "Hapa Kiholanzi," anaigeuza. Bwana alikipenda kisiwa kimoja cha Wafaransa, kilichokuwa na mlima na maporomoko ya maji, akakitetea siku kadhaa. Bibi akamjibu maneno ambayo niliyaelewa yote. "Miaka yote hii hapa nimekuwa bubu," alisema. "Siendi kupumzika nikiwa bubu tena."

Kikabaki kisiwa kinachoitwa Barbadosi. Aliniambia kwamba huko hata watu weusi kama mimi wanasema Kiingereza tangu ziwa la mama. Nikamwuliza kama hawana lugha nyingine ya nyumbani. Akasema hawana. Jambo hilo nilikaa nalo siku nyingi. Nilitamani nimwone mmoja wao, nimsikie anavyomlilia maiti wake kwa Kiingereza.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Siku moja nilikuwa napiga pasi, Bibi akaja akasimama mlangoni akaniambia habari za safari. Katika maneno yake nilisikia "utakuja pamoja nasi", nikasikia "far", neno lao la "mbali", na mwisho nikasikia "meli". Nikasema ndiyo, Bibi, asante Bibi. Akafurahi. Sikuuliza mara ya pili. Mtu ambaye kazi yake ni kuwaelezea wengine huona haya kusema hajaelewa.

Nilikuja nyumbani Pasaka kuaga. Habari za siku hizo uliandikiwa, lakini hukuandikiwa zote. Baba alichinja ng'ombe. Kanisa liliniombea. Shangazi Alinanuswe alinipa mkeka wake mpya aliousuka kwa ajili ya bintiye, akasema nikalalie huko ng'ambo ili nisilale juu ya vitu vya watu. Baba, ambaye wewe na mimi hatukuwahi kumsikia akimsifu mtoto mbele ya watu, alisimama kanisani akasema, "Binti wa hapa hapa Uyole atavuka bahari mbili."

Na mimi nilifanya nini? Nilikwenda kisimani nikawasemesha Kiingereza wasichana niliosoma nao. Wakanyamaza, wakanitwisha ndoo yangu kama mgeni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kaka. Mengine yalinipata. Hilo nililitaka mwenyewe.

Tulifika Dar es Salaam mwezi wa sita. Meli ilikuwa imetia nanga katikati ya maji, abiria wakipelekwa kwa mashua. Nilikuwa nimembeba Rozi mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika sanduku langu la bati na mkeka juu yake. Bwana akanijia na tiketi, ya treni mpaka Dodoma na ya basi mpaka Mbeya.

"Umetusindikiza vizuri, Sekela," akasema. Yeye Kiswahili anakijua. "Nyumba tumeifunga. Nenda kwenu upumzike na wewe. Tukirudi tutakuita."

Hapo ndipo nilipolielewa neno la Bibi. Kumbe "far" yao ikikaa katikati, "as far as", hugeuka ikawa "mpaka", haiwi mbali tena. Alikuwa ameniambia nitakwenda nao mpaka kwenye meli, basi. Nami nilisikia nitakwenda mbali kwa meli.

Bibi alikuwa akilitazama sanduku langu. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Hilo la nini?"

"La ndugu yangu anayekaa hapa mjini," nikasema. "Nampelekea."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili haukuchelewa. Bwana alipomchukua Rozi mikononi mwangu, mtoto alinishika shingo akalia, "Sekela aje! Sekela aje na sisi!" Bibi akanigeukia kama kawaida yake.

"Anasema nini?"

"Anasema kwa heri," nikamjibu.

Mashua ikaondoka. Nilisimama pale mpaka mchukuzi mmoja akaniambia niwapishe watu wenye safari.

Ndani ya treni nikafahamu jambo lililokuwa mbele ya macho yangu tangu ile meza ya picha. Bibi alikuwa akitafuta kisiwa ambako hatamhitaji mtu kama mimi. Kila picha aliyoigeuza kifudifudi ilikuwa mahali ambapo angehitaji mdomo wa mwingine. Nilisimama pale nikimwona akinifuta, nami nikawa naona ananichagua.

Tiketi ilikuwa ya mpaka Mbeya, lakini basi lilipofika Iringa miguu ilinishusha. Nilimfikiria baba na ng'ombe wake. Nikawafikiria wasichana wa kisimani. Nikaona afadhali niende Kilolo kwa Juliana, aliyekuwa akifua nguo kwa Bwana Hadli kabla hajaolewa na Tadeo. Walinipokea kwa "kamwene" yao na ugali wa moto, hawakuniuliza kitu. Mimi mwenyewe nikaeleza bila kuulizwa kwamba nangoja meli ya pili.

Nikakaa. Nililala juu ya mkeka wa shangazi katika baridi ya milima ile, nikapukuchua mahindi ya Juliana, nikachambua maharage, nikaenda nao kanisani kwao ingawa wao ni Wakatoliki. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo nakwenda nyumbani. Kadiri nilivyokawia ndivyo njia ilivyozidi kurefuka, maana sasa ilikuwa si haya za kutosafiri tu, bali na haya za kujificha.

Mwezi wa tisa ulipokuwa unakwisha, dhoruba kubwa ilipiga visiwa vile. Mimi sikujua. Kilolo hatukuwa na redio wala gazeti. Lakini hapa Uyole mwalimu Philbert alisoma gazetini jina la Barbadosi, akalikumbuka, akaja kumwambia baba kwamba nyumba nyingi zimeanguka na watu wamekufa. Baba akamwuliza kama gazeti limetaja jina langu. Mwalimu akasema gazeti haliwezi kutaja majina ya watumishi. Wakangoja barua yangu. Barua ingetoka wapi? Walipochoka kungoja, wakaketi matanga.

Juliana aliipata habari hiyo sokoni Iringa, kutoka kwa Saulo, yule tanboi wa lori la Mbeya unayemjua. Alirudi, akautua mzigo, akanikuta barazani.

"Sekela, kwenu wanakulilia," akasema. "Wanasema umekufa ng'ambo."

Baadaye nikasema, "Juliana, hakuna meli ya pili."

"Najua," akasema. "Hakuna mtu anayengoja meli Kilolo."

Kesho yake alinisindikiza mpaka Iringa. Saulo aliponiona kwenye malori aliiacha kamba aliyokuwa akifunga, mzigo ukalala upande. Hakukubali kunishika mkono mpaka aliponiona nimekunywa chai kikombe kizima. Njia yote hakunitania hata mara moja, nami nilitamani angenitania.

Nilifika nyumbani jua likiwa kichwani. Niliwasikia kabla sijawaona, nikaitambua sauti ya mama ndani ya vilio vile. Kaka, hakuna jambo gumu kama kusikia mama yako anakuita marehemu, na wewe umesimama nyuma ya migomba. Nilitaka kurudi. Naandika ukweli. Niligeuka kabisa, na huenda ningekuwa nimekimbia kama shangazi Alinanuswe hangetokea jikoni na birika la chai.

Aliniona. Aliliweka birika chini taratibu, akaniuliza kama anayenikaripia, "Sekela, umelowa?"

"Sijalowa, shangazi."

Ndipo akaanguka. Watu wakaja mbio, wengine wakakimbilia upande wa pili. Mama hakuinuka. Alikuwa amejifunga kile kitambaa cha msiba kiunoni. Nikapiga magoti mbele yake, akanishika mkono, akapapasa kidole kimoja kimoja, halafu kiganja.

"Hii ni mikono ya mtu aliyekuwa akipukuchua mahindi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mahindi ya nani?"

"Ya Juliana. Nilikuwa Kilolo."

"Kilolo," akasema mama. "Kilolo hii ya Iringa?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Simlaumu. Kicheko kile kikapita kwa wengine waliokuwa na machozi bado, na mama akiwa katikati yao ananishika mkono, hacheki wala halii.

Niliwaeleza yote pale pale, neno la Bibi, gati, sanduku, mkeka. Baba alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu.

"Kwa nini hukuja nyumbani?"

"Niliona haya, baba. Ulichinja ng'ombe."

"Nimechinja wa pili," akasema. Akaenda zake zizini.

Hakusema nami siku zile. Jumapili ilipofika nilitaka kubaki nyumbani, akatuma Damari aniambie nivae. Kanisani, baada ya matangazo, akaomba kusimama. Nikainamisha uso. "Wakati wa Pasaka nilisimama hapa nikajisifu," akasema. "Leo nasimama kuwaambia kwamba binti yangu hakuvuka bahari yoyote. Amevuka mto Ruaha. Alikosea neno la watu. Mwenye kutaka kucheka anicheke mimi, maana yeye alikosea neno moja, na mimi ndiye niliyelitangaza."

Wakacheka, kaka. Yeye alisimama akawangoja mpaka wakamaliza, kofia mkononi, halafu akaketi. Ningependa kama angenichapa.

Tangu siku hiyo anasema nami kama zamani. Lakini nisikudanganye kwamba mambo yamekwisha. Watoto wananiita Barbadosi. Wakubwa huniita hivyo nikiwa nimewapa mgongo. Kisimani nachota maji asubuhi sana au wakati wa jua kali, wasipokuwapo wale wasichana. Mmoja wao, Yudith, juzi alinikuta huko. Nilidhani atanisemesha Kiingereza ili kunilipa. Alinitwisha ndoo tu, akanishukuru kwa lugha yetu ya nyumbani, "Ndaga, umerudi." Nililia njia nzima, maji yakinimwagikia.

Ulipoisikia habari ya dhoruba huenda ulimfikiria na Rozi. Mimi tangu nilipoambiwa sikulala vizuri. Watu walikuwa wanafurahi kwamba nimefufuka, na mimi nilikuwa naisikia ile sauti yake gatini, na jinsi nilivyomgeuzia maneno. Mwalimu Philbert alimwandikia jirani wa Bwana Hadli huko Iringa, na majibu yamekuja wiki iliyopita. Wote ni wazima. Mtoto aliugua surua Uingereza wakaahirisha safari, dhoruba ikapiga hawajaondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwako huko. Jirani anasema wameanza kuchagua kisiwa kingine, na kwamba Bibi anauliza kama nitarudi kazini. Bado sijajibu. Nitamwambia kwanza alichosema Rozi siku ile. Hiyo ndiyo haya moja ninayoweza kuipunguza.

Sasa nisikilize, kaka, maana sababu ya barua hii si habari zangu peke yake.

Crispin, rafiki yako wa Iringa mnayefanya naye kazi, alipita hapa mwezi wa nane. Ulimkataza asiseme, lakini mama alimpikia ndizi na maziwa, akashindwa kunyamaza. Tunajua kwamba mwamba ulikuumiza mguu, na kwamba kazi ya chini ya ardhi ulikwisha kuachishwa. Tunajua sababu iliyokufanya usije kumzika bibi yetu. Sikuandikii kukuaibisha. Ningewezaje mimi?

Damari ameniambia jambo moja. Siku mwalimu Philbert alipokuja kuandika ile barua ya msiba kwako, alimwuliza baba aandike amebakiwa na watoto wangapi. Baba akasema, "Andika mmoja." Damari akamwuliza, "Na Isakwisa?" Baba akasema, "Hiyo barua ni ya Isakwisa. Lakini sijui kama huko iendako kuna mtu wa kuipokea."

Kaka, wewe hawajakuketia matanga, lakini baba amekwisha kukuhesabu pamoja na waliokufa. Njoo. Njoo na huo mguu. Siku ya kwanza watakutazama na wengine watacheka, hilo sikufichi, na utatamani ardhi ikumeze. Mimi bado natamani siku nyingine. Lakini mama atakushika mkono mbele yao wote na hatauachia. Nimeona mwenyewe.

Wasalimie shemeji Esta na watoto, uwaambie wana shangazi, na yu hai. Msalimie Crispin, usimgombeze. Hapa wanakusalimu baba, mama, Damari, shangazi Alinanuswe ambaye bado anaudai mkeka wake, na mwalimu Philbert. Saulo anasema siku utakayoandika, lori litakungoja mpakani Tunduma.

Mungu aliyenirudisha bila kunivusha akushike mkono na wewe njiani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nikungojaye,

Sekela binti Yotamu.